Aliyefeli kwa Pumzi Safi

Mashine ya kupima pumzi pale Kituo cha Mvuke, Songea, ilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hakuna aliyelikumbuka. Watu waliibatiza Shangazi, na haki ya Mungu jina liliikaa. Ilikuwa na pua ndefu, haikuficha neno, na ikikunusa mara moja ilijua ulichokuwa unakivuta nyuma ya nyumba. Kandida Mapunda, mhandisi wa kanda, ndiye aliyeifunza pua hiyo kunusa, na muda wote alikuwa akilisikia jina hilo kwa fahari, kama mzazi anayesikia mwanawe akisifiwa sokoni.

Jumatatu ile fahari yenyewe iliingia nyongo.

Alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, akimtazama baba yake, Mzee Longino, akivua kofia mbele ya mashine. Mzee alikuja, kwa mara ya kwanza, kuhuisha kibali chake cha vepu, kile kifaa cha umeme cha kuvuta mvuke. Kila mwenye kibali alitakiwa kurudi mara moja kwa mwaka, apulize, Shangazi amnuse, na vepu yake iwashwe upya kutoka juu kwenye setilaiti. Asiyehuisha, vepu ilimzimikia mkononi ikabaki kipande cha bati, na hakuna fundi wa mtaani aliyewahi kuifufua, ingawa wengi walikula pesa za watu kwa kujaribu.

Mzee alipuliza kwa mbwembwe. Ilikuwa pumzi ndefu ya mwalimu wa kwaya, iliyonyooka toka mwanzo hadi mwisho, mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka kumtazama.

"Pole, mpendwa," Shangazi alisema kwa sauti yake laini inayosikika mpaka getini. "Pumzi yako ni safi. Hakuna dalili ya moshi wa sigara. Hustahili kibali cha mvuke."

"Asante sana," Mzee Longino aliijibu mashine, akavaa kofia yake na kusimama pembeni kungoja kibali. Alidhani amesifiwa. Foleni nzima ilipasuka kwa kicheko, na Kandida akatoka mbio kwenda kumtoa pale kabla hajaelewa kwa nini anachekwa.

Ofisini alimpa kiti na maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hii mashine yako ina mushkeli. Imeniambia mimi ni msafi, halafu imeninyima."

"Haina mushkeli. Umefeli, baba."

"Nimefeli kwa kosa gani?"

"Huna moshi. Sheria inasema vepu ni ya mvutaji wa sigara anayetaka kuziacha. Shangazi ameona wewe huvuti."

"Sivuti kwa sababu nina vepu."

"Najua."

"Mkinizimia vepu, nitavuta."

"Najua, baba."

"Basi si ujuaji huo ungempa na huyo shangazi yako!" Mzee aliweka bilauri mezani kwa kishindo. "Yaani nimeacha sigara mkanipongeza, leo mnanifukuza kwa kuwa nimeziacha. Hii ni akili au ni utani wa msibani?"

Kandida aliisogeza bilauri isianguke. Alikulia katika nyumba iliyonuka sigara. Alimjua baba yake kwa kikohozi kabla ya kumjua kwa sauti. Usiku alikuwa akilala akisikiliza kifua kile kikikwaruza upande wa pili wa ukuta. Mzee alikuwa besi wa kwaya ya parokia, kisha besi ikawa mkwaruzo, kisha akaambiwa akae pembeni apunge mikono tu, wengine waimbe. Vepu ndiyo iliyomtoa huko. Aliivuta kwa aibu mwanzoni, akisema ni kitu cha watoto wa mjini, lakini sigara aliziacha, na baada ya muda sauti ikarudi kidogo kidogo. Jumapili aliyoanzisha tena wimbo wa kuingilia kwa koo lake mwenyewe, akina mama wa kwaya walilia mpaka wakakosa mstari wa pili.

Na sasa Kandida alikuwa akimtazama mtu yule yule akigeuzageuza vepu yake kama mgonjwa anayeambiwa dawa zimekwisha.

"Baba," alisema akipunguza sauti, "naweza kukupitisha kwa mkono. Ni kubonyeza mara moja tu. Hakuna atakayejua."

"Usithubutu!" Mzee alisimama. "Nimewafundisha watoto wa mji huu kuimba amri za Mungu, halafu binti yangu aniibie kibali? Watu wote wale wameniona nimekataliwa. Kesho wakiniona na vepu inayowaka watasema nini? Watasema sheria ya Kandida inawabana wasio na binti."

"Watasema kweli."

"Ndiyo maana sitaki. Kurudia mtihani kunaruhusiwa?"

"Mara moja. Mwisho Jumamosi."

"Basi nitarudia," alisema, na alivyosema, Kandida hakupenda jinsi alivyokuwa ametulia.

*

Ubaya ni kwamba kanuni ile haikutungwa na mjinga. Ilitungwa na Kandida.

Moshi wa sigara una kitu ambacho mvuke hauna, hewa ya kaboni monoksidi inayozaliwa pale jani linapoungua. Ikiingia kwenye damu huganda humo kwa saa nyingi, mgeni asiyejua kuaga, na hutoka polepole kwa pumzi. Hiyo ndiyo Shangazi alifunzwa kuinusa. Vepu haiunguzi jani, kwa hiyo mwenye vepu peke yake hutoa pumzi safi, sawa na mtawa.

Zamani hapakuwa na Shangazi. Kibali kilitolewa kwa kitambulisho tu, na nchi hii imezoea kusajiliana. Laini ya simu ya mpwa ipo kwenye kitambulisho cha mjomba, mita ya umeme ina jina la marehemu, na hakuna anayeona ajabu, ndugu ni ndugu. Vepu zilipokuja, watu walifanya walivyozoea. Marehemu mama yake Kandida, Bibi Gaudensia, mwanamke aliyelalamikia hata moshi wa kuni, alikwenda kituoni akasajili vepu kwa jina lake kwa sababu mjukuu wake Editha alimwambia ni dawa ya pumu yenye ladha ya embe. Editha akaenda nayo shule ya bweni. Mpaka walimu wanashtuka, bweni zima lilikuwa linanuka maembe, na wasichana walikuwa hawawezi kumaliza kipindi kimoja bila kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kandida ndiye aliyekwenda kumchukua. Ndiye aliyekaa naye nyumbani wakati mtoto anatetemeka, anatukana, anatapika, anaomba avute mara moja tu halafu basi. Baada ya hapo aliandika pendekezo kwa hasira zote za mama mkubwa. Kila mwenye kibali apulize, mwanzoni na kila mwaka. Anayetoa pumzi safi ina maana havuti yeye, amemchukulia mtoto. Nani angekwenda kuvuta sigara kali inayonuka, eti ili apate mvuke wa embe? Walikaa mkutanoni wakajiuliza swali hilo, wakacheka, wakapitisha.

Mabweni yalipona. Hilo lilikuwa kweli, na Kandida alikuwa akilishika kila alipoona mambo yanakwenda mrama.

"Njoo nikuonyeshe kitu," Mgongolwa alimwambia Jumanne. Mgongolwa alikuwa fundi wa kituo, Mhehe wa Iringa, mtani wake wa kazini. "Ila ufiche huo uso wa Kingoni, maana ukikasirika hata panya wanaomba msamaha."

"Wewe ficha meno yako, mbwa wa jirani wasikuone wakakimbia. Nini tena?"

Alimpeleka mpaka kwenye ua, wakasimama nyuma ya mti wa mkaratusi karibu na geti. Pale nje, mama aliyekuwa akiuza chai na vitumbua alikuwa ameweka pembeni ya chupa zake boksi la sigara, anauza moja moja. Vijana wa kiume na wa kike, waliochana nywele na kuvaa vizuri, walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wakivuta. Walivuta huku wamekunja nyuso, kama watu wanaokunywa mwarobaini. Mmoja alikuwa ameinama mtaroni anakohoa machozi yakimtoka, na mwenzake anampigapiga mgongoni.

"Usiteme, shosti. Ukitema hazihesabiki," mwenzake alikuwa akimwambia. "Vuta tatu, kaa nazo, halafu nenda. Shangazi atakupenda."

"Wanaziita sigara za mtihani," Mgongolwa alisema. Utani ulikuwa umemtoka. "Hawajawahi kuvuta sigara hawa. Walikuwa watu wa vepu. Sheria ikawafungia vepu, na njia pekee ya kuipata ni kuwa mvutaji. Basi wanakuja hapa kuwa wavutaji. Tumeruka mkojo, tumekanyaga mavi."

Kandida alitoka nyuma ya mti kabla hajazuiwa. Msichana mmoja mwenye sare ya chuo cha uuguzi alimwona, akaficha sigara nyuma ya mgongo, halafu akaona haina maana akaitoa.

"Shikamoo, dada. Mimi kibali ninacho tayari," alisema.

"Marahaba. Kama unacho, hiyo ya nini?"

Msichana aliitazama sigara. "Mwanzo ilikuwa ya mtihani tu. Sasa hivi hata bila mtihani naitafuta. Vepu ikiisha chaji, hii ipo kila kioski. Haiombi kibali."

*

Dokta Balige, mkurugenzi wa Mamlaka ya Mvuke, alikutana naye Jumatano bila kutoka Dodoma. Umbo lake la mwanga lilikaa kwenye kiti cha wageni, miguu imekunjwa, na kila treni ya Mbamba Bay ilipopita chini ya kilima mitambo iliyumba kidogo na mkurugenzi akapoteza sikio moja kwa muda.

Kandida alieleza yote. Alieleza geti, mama wa vitumbua, msichana wa uuguzi, na wazee waliokwisha kuacha sigara wanaorudishwa kuzivuta ili wahuishiwe. Alizuia sauti yake isipande, ikapanda hata hivyo.

"Nimekusikia," Dokta Balige alisema. Aliinua kiganja na chati ikaning'inia hewani kati yao. "Lakini tazama. Mvuke kwa vijana umeporomoka. Na wavutaji wa sigara waliothibitishwa wanaongezeka kila robo mwaka. Hawa ni watu waliokuwa mafichoni, sasa wanajitokeza kutafuta msaada. Kanda yako inaongoza. Nilikuwa napanga kuwapa tuzo."

"Hawajajitokeza, Dokta. Tumewatengeneza."

"Hilo ni neno zito."

"Nendeni mkahesabu sigara zinazouzwa! Zimepanda. Hata kwa macho zinaonekana."

"Sigara si zetu." Aliyasema hayo kwa upole, na upole huo ndio uliomtia Kandida kichaa. "Sigara ni bidhaa halali, ina idara yake, iko kwenye wizara nyingine, jengo jingine. Sisi ni Mamlaka ya Mvuke. Nikiingiza moshi kwenye ripoti ya mvuke, wenzetu watauliza tunalima shamba la nani."

"Mapafu hayajui wizara, Dokta."

"Mapafu hayajui. Mimi nalazimika kujua." Mkurugenzi alizima chati. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu na si mwanga. "Dada Kandida, nikuulize nawe unijibu kwa haki. Picha za bweni lile nani aliniletea? Nani alilia kwenye mkutano? Leo unataka nikubali pumzi safi. Kesho kila bibi wa nchi hii atakuja kusajili dawa ya pumu. Utamtofautishaje baba yako na mama yako? Wote wawili pumzi zao ni safi."

Kandida aliona swali ni la haki. Alijua namna ya kumzuia mtoto na alijua namna ya kumpitisha mzee, lakini mlango ulikuwa mmoja, na Shangazi hakuwa na macho, alikuwa na pua tu.

"Lete pendekezo la maandishi," Dokta Balige alisema. "Kamati inakaa mwakani."

Umbo likazimika. Kandida alibaki akitazama kiti kitupu, akakipiga teke, kikaenda kugonga ukuta. Alijisikia vizuri kidogo, halafu akajisikia vibaya zaidi, maana kiti hakikuwa na kosa.

*

Alhamisi alipotoka kazini alipitia kwa baba yake, mtaa wa Lizaboni. Editha alikuwa kwenye kibaraza anamenya mihogo. Alikuwa amekua, anasomea ufundi wa mabomba ya umande, yale yanayonywesha nusu ya mji, na aliishi na babu yake tangu bibi afariki.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Babu yuko wapi?"

Editha alielekeza kisu nyuma ya banda la mbuzi. "Anafanya mazoezi ya mtihani."

Harufu ilimfikia Kandida kabla hajafika. Mzee Longino alikuwa amekaa kwenye kigogo, sigara vidoleni, ameishika kwa mazoea yote ya zamani, kidole cha shahada na cha kati, jivu refu bila kuanguka. Alipomwona bintiye alishtuka, akaificha nyuma yake, kama mwanafunzi aliyekamatwa na mwalimu wa zamu.

"Baba!"

"Ni mbili tu kwa siku. Mpaka Jumamosi."

"Hakuna mbili, baba. Wewe mwenyewe ulipoziacha ulisema hakuna mbili, kuna pakiti!"

"Sasa nifanye nini?" Mzee naye alipandisha. "Nikikaa bila vepu nitavuta pakiti. Nimejaribu juzi, nilitetemeka mpaka nikashindwa kushika kijiko. Mashine yako inataka moshi. Naipa moshi, inipe vepu, niache moshi. Ndiyo hesabu mliyotuandikia. Mimi siyo niliyeiandika."

Kandida alikaa chini kwenye majani, hapo hapo na nguo zake za kazini. Alitaka kulia kwa hasira na hakujua amkasirikie nani. Mtu pekee aliyekuwa karibu na kosa lile ni yeye.

Editha alikuwa amewafuata, kisu bado mkononi. Alingoja babu yake azime kile kipande na kuondoka zake kwenda kusukutua, ndipo akasema.

"Unaweza kubadilisha pua ya Shangazi? Apitishe wenye vibali vya zamani hata kama ni wasafi?"

"Naweza. Kwa kanda hii, ndiyo. Watanifukuza, lakini naweza."

"Mbona hufanyi?"

Kandida alimtazama. "Kwa sababu yako. Kibali cha bibi yako kimo bado humo ndani, hakikufutwa. Wako akina bibi wengi mno wa namna hiyo. Nikifungua, vibali vyote hivyo vilivyofelishwa kwa pumzi safi vitaamka vyenyewe, na kila kimoja kina Editha wake."

Editha alikwangua udongo wa mhogo kwenye kisu. "Mama mkubwa, nikuambie ukweli? Nikipita karibu na mtu mwenye ya embe, mate hunijaa mdomoni mpaka leo. Ukifungua, mlango huo mimi nitauona wa kwanza."

"Ndiyo maana nasema siwezi."

"Shangazi anaweza kumkumbuka mtu? Amkatae hata akija na kibali cha nani?"

"Kila pumzi ina alama yake. Anaweza. Na vepu yenyewe ikipulizwa na mtu huyo inajizima. Lakini lazima mtu akubali kwa hiari, na haifutiki. Hata ukiwa bibi kizee."

"Nifunge mimi kwanza," Editha alisema. "Halafu umfungulie babu."

Kandida alimvuta akamkumbatia, mihogo na udongo na yote. Alimwonea fahari, na hofu vile vile, maana Editha alikuwa mmoja. Wasichana wengine hawakuwa na mama mkubwa mwenye funguo. Usiku ule alilala na uamuzi, akaamka bila uamuzi, na Ijumaa ikapita akiandika pendekezo la maandishi ambalo alijua litasomwa mwakani. Alijiambia lazima ajaribu njia halali kwanza. Alikuwa binti wa baba yake.

*

Jumamosi Mzee Longino alivua kofia mbele ya Shangazi kwa mara ya pili. Safari hii hakupuliza kwa mbwembwe. Pumzi ilikatika katikati, akaikamilisha kwa shida.

"Hongera, mpendwa," Shangazi alisema. "Wewe ni mvutaji uliyethibitishwa. Karibu katika safari ya kuacha."

Foleni ilipiga makofi. Wengine walikuwepo Jumatatu na waliona raha mzee wa watu kufaulu. Vepu ya mzee ilitoa mwanga wa kijani kifuani pake. Mzee hakutazama kwenye kioo alikosimama binti yake, na Kandida hakutoka.

Jumapili kanisa lilijaa. Mzee Longino alisimama mbele ya kwaya, akainua mkono, akaanzisha wimbo wa kuingilia. Noti ya kwanza ilitoka. Ya pili ikaja na mkwaruzo ule ule wa ukutani, ule Kandida aliokuwa akiusikia kitandani akiwa mtoto, na ya tatu haikuja kabisa, kilikuja kikohozi. Akina mama wa kwaya waliudaka wimbo haraka wakauendesha, kwa heshima, kana kwamba ndivyo ulivyopangwa. Mzee alipunga mikono mpaka mwisho.

Kandida hakungoja matangazo. Alimshika Editha mkono wakatoka kwa mlango wa pembeni, wakaenda kituoni na nguo zao za kanisani. Mlinzi alishangaa, akafungua.

Editha alipuliza, akaweka kiganja kwenye kioo kuthibitisha hiari yake. "Umesajiliwa kuzuiwa daima, mpendwa," Shangazi alisema, na Editha akajibu, "Asante," akimwiga babu yake. Hata Kandida alicheka, ingawa alikuwa analia.

Kisha aliingia chumba cha mitambo na kubadilisha pua. Kanda nzima, kila kibali cha zamani, pumzi safi ipite. Mashine ilimuuliza nani anaidhinisha, akaandika jina lake lote na la ukoo. Hapo kidole kilisita. Mahali fulani kuna msichana ambaye angeamka kesho akakuta vepu ya bibi yake imewaka, na msichana huyo hakuombwa hiari na mtu. Kandida aliijua sura yake kwa sababu aliwahi kumfuta matapishi. Alimwomba msamaha kwa sauti, pale peke yake, akabonyeza.

Dokta Balige alipiga kabla hawajafika barabarani. Kandida alimwacha apige.

*

Walimkuta mzee kibarazani, bado na suti yake, kofia magotini. Kandida alipiga magoti mbele yake akamshika mkono.

"Baba, nimefungua. Shangazi atapitisha pumzi safi kuanzia leo. Si kwa ajili yako peke yako, ni kwa wote wenye vibali vya zamani. Hutahitaji tena moshi. Mwaka ujao utapuliza kama ulivyopuliza Jumatatu, na atakupitisha."

Mzee Longino alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalilowa.

"Kazi je?"

"Kazi nadhani imekwenda."

"Umefanya jambo la haki, mama," alisema, na kumbana vidole kwa nguvu. "Kwa watu wote, siyo kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimechoka kujificha kule bandani. Nitaacha tena. Mara ya kwanza niliweza, sembuse hii? Na sauti itarudi, wewe ngoja. Pasaka nataka tuimbe ule wa sauti nne, ule tuliouacha mama yako alipofariki. Akina mama wapo tayari, besi tu ndiyo ilikuwa inasumbua."

Aliendelea kuupanga wimbo huo, nani ashike sauti ya pili, nani asogezwe mbele. Vepu ilikuwa inaning'inia kifuani pake, taa yake ya kijani inawaka. Mkono wake wa kushoto uliingia mfuko wa koti ukatoka na sigara, akaiweka mdomoni, akaibana kwa pembe ya midomo ili aendelee kuongea.

"Editha, mjukuu wangu," alisema, "hebu niletee kiberiti."

Editha hakuinuka. Mzee alingoja, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akishangaa wamenyamazia nini. Alikuwa bado ameushika mkono wa Kandida.